Jina la Binti Kwenye Risiti

Siku Mama Sweta alipofunga chumba chake kwa kufuli, aliamini amefunga biashara. Alilivuta lile kufuli mara mbili kuhakikisha limeshika, akapangusa nyuzi zilizonasa kwenye gauni, akamwambia fundi viatu wa mlango wa pili, "Haya jirani, mimi basi. Nimemaliza."

Fundi viatu alikuwa mtu ambaye mdomo wake haukupumzika hata ukiwa umebana misumari. "Hiyo ndiyo kumaliza?" akasema. "Anayemaliza hubaki na kitu mkononi. Wewe umekimbia, Mama Sweta. Tangulia tu, mimi nakaza kamba za viatu nakufuata."

Wakacheka, kicheko cha watu wawili ambao tangu asubuhi hawajauza kitu. Mama Sweta akamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, akabeba mzigo wa mwisho kichwani, akaenda zake roho imetulia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Hana pango la kulipa tena, hana mteja anayemkwepa. Kule kwenye ofisi ya kodi, hakuna aliyelisikia lile kufuli.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba na kirefu kama soksi. Mashine ya kufuma ilikuwa imekazwa kwenye meza karibu na dirisha, na ukutani zilipangwa koni za uzi kwa rangi za shule: bluu, kijani cha chupa, maruni, na ile kijivu ambayo kila mtoto aliichukia. Mama Sweta alifuma humo tangu mumewe alipofariki. Sauti ya mashine, kraa-kraa, kraa-kraa, ndiyo iliyomlea binti yake. Mtoto alilala chini ya meza juu ya gunia la masalio ya uzi, na mashine ikinyamaza tu, anaamka na kuangua kilio kirefu chenye sauti nne. Mkunga aliyemzalisha alikuwa ameshasema tangu siku ile ya kwanza, "Huyu si mtoto, huyu ni kinanda." Jina likaganda.

Mama Sweta alikuwa na namna yake ya kupima. Mzazi akimletea mtoto, hakupima mkono wa mtoto, alipima mkono ambao mtoto angekuja kuwa nao. Alifuma mikono mirefu, akaikunja mara mbili kwenye kifundo, akaishikiza kwa uzi mlegevu. Mtoto akirefuka, mama yake anafungua mkunjo mmoja. Akirefuka tena, anafungua wa pili. Watoto walilalamika kwamba wanaonekana kama wamevaa nguo za baba zao, lakini wazazi walimpenda kwa hilo. Sweta la Mama Sweta lilikuwa sweta la miaka.

Sasa serikali ikatoa amri kwamba kila mwenye mlango wa biashara awe na namba ya mlipakodi na mashine ya risiti. Mama Sweta alikwenda kujiandikisha pamoja na Kinanda, kwa sababu yeye aliishia shule ya msingi, na ingawa kusoma alijua, fomu zilimtoa jasho. Kinanda alikuwa ndiyo kwanza amepata kitambulisho chake. Walipofika dirishani karani akauliza, "Jina la mwenye biashara?" Mama Sweta akamsogeza binti yake mbele kwa kumshika mabega.

"Andika la huyu."

"Mama, biashara ni yako," Kinanda akanong'ona.

"Na yangu ni ya nani kama si yako? Nikifa nizikwe na mashine?"

Karani akacheka. Kinanda naye akacheka, akasaini haraka haraka kama mtu anayesaini kitabu cha wageni. Walipotoka nje Mama Sweta alijiona mrefu. Wengine huwaachia watoto wao kiwanja. Yeye amemwachia wake biashara yenye jina, na jina lenyewe limepigwa muhuri. Juu ya mlango akaandikisha ubao: KINANDA MASWETA. Kila asubuhi kabla ya kufungua aliusoma ule ubao, utadhani angeweza kuusahau.

Kinanda akaenda chuo cha uuguzi. Biashara ikabaki kwa mama, jina likabaki la binti, na hakuna aliyeona tatizo.

Mteja mkubwa alikuwa shule ya kulipia iliyokuwa karibu na kituo cha mafuta. Mhasibu wa shule ile, mwanamke mnene mwenye manukato na cheko, ndiye aliyeleta oda, na alimwita Mama Sweta "shoga yangu" mbele ya watu. Ukiitwa shoga na mtu mwenye ofisi, unanyooka mgongo. Pale shuleni palikuwa na utaratibu ambao wote waliouzia shule waliujua, fundi madawati, muuza chaki, hata mwenye kuleta maziwa. Risiti kwanza, hela baadaye.

"Wakubwa hawasaini malipo bila risiti, shoga," Mhasibu alimweleza. "Nitolee risiti leo, ijumaa hela unayo."

Miaka ile mizuri, ijumaa ilikuwa inafika. Mama Sweta alibonyeza ile mashine kama Kinanda alivyomfundisha, ikatoa ulimi wake wa karatasi, akaukata, akampa Mhasibu. Kwenye risiti kuna mahali pa kuchagua aina ya malipo, na yeye alibonyeza palepale siku zote: taslimu. Ndipo Kinanda alipomwonyesha, na hapakuwa na kitufe cha kusema "nimeahidiwa."

Kisha hali ikabadilika. Kiwanda cha plastiki kikapunguza watu, halafu kile cha mabati, halafu maduka yaliyowauzia watu wa viwandani yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Wazazi waliacha kununua masweta mapya. Walileta ya zamani yatiwe viraka vya viwiko, au ya kaka yafumuliwe afumiwe mdogo wake. Uzi ukapanda bei. Na ijumaa za Mhasibu zikaanza kuchelewa.

"Shoga, mwezi huu ada haijaingia. Wewe ni mtu wa nyumbani, vumilia."

Akavumilia. Oda nyingine ikaja, naye akafuma, akapeleka, akatoa risiti. Angefanyaje? Ukigoma, kesho oda inakwenda kwa mwingine. Mwenye maziwa peke yake ndiye aliyegoma. Alikuja na baiskeli yake, akakaa juu ya debe lake tupu mlangoni mwa ofisi, akasema, "Mimi nikiona hela ndipo mnaiona risiti." Walimcheka. Mama Sweta naye alikuwa mmoja wa waliocheka.

Aliwahi kuishika simu ampigie Kinanda amwambie kwamba shule hailipi. Akairudisha mezani. Mtoto ana mitihani, ya nini kumpa presha? Akipiga simu alisema, "Huku wazima, soma mwanangu." Na hapa ndipo sisi akina mama tunapojimaliza. Mtoto tunampa jina la biashara, halafu shida ya biashara tunamficha.

Shule ikauzwa. Mhasibu akahama mji bila kuaga. Mama Sweta akafunga mlango, akaikaza mashine ya kufuma sebuleni kwake na kuifunika shuka, na ile mashine ya risiti akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaitupia kabatini nyuma ya mablanketi. Meseji za ofisi ya kodi zilianza kuingia, lakini ziliingia kwenye laini ya zamani ya Kinanda, ile aliyoibiwa pamoja na simu chuoni. Mwizi hakujibu.

*

Mchana mmoja Mama Sweta alikuwa ameketi chini, anafumua sweta kuukuu apate uzi. Kinanda akaingia na sare yake ya kazi, hakuvua viatu, hakusalimu. Alikuwa muuguzi wa kibarua katika wodi ya wazazi, leo anaitwa, kesho haitwi. Wiki iliyotangulia ilikuwa wiki ya vigelegele nyumbani mle. Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa amempendekeza aajiriwe moja kwa moja, kazi ya kudumu yenye mshahara na matibabu, na kilichobaki ni kupeleka vyeti kabla mwezi haujaisha. Kimoja kati ya vyeti hivyo kilikuwa hati ya kutodaiwa kodi.

"Mama, ile biashara uliifunga?"

"Si unaiona mashine iko chini ya shuka? Nitakuwa nauza masweta kwa ndoto?"

"Mlango najua ulifunga. Nauliza biashara."

"Kuna tofauti gani?"

Kinanda akakaa ukingoni mwa kochi. "Nimekwenda kuomba hati, mama, wamenikatalia. Kwao mimi ni mfanyabiashara. Nimeuza masweta mengi sana na sijalipa kodi yake. Na tangu ulipofunga mlango, kila mwezi sijapeleka taarifa, kwa hiyo kila mwezi faini, na juu ya faini riba. Mimi, mama. Mimi ambaye hata kushona kifungo sijui."

Uzi ukamponyoka Mama Sweta, ukabingirika hadi chini ya meza. "Umewaambia ni yangu?"

"Wameniuliza, saini ni ya nani?"

*

Kesho yake walikwenda wote wawili. Afisa wa kodi aliyewapokea alikuwa kijana mstaarabu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na huo ustaarabu wake ndio uliomuumiza zaidi Mama Sweta. Kama angekuwa mkorofi, angalau angempa mtu wa kumlaani.

"Karibuni. Mfanyabiashara ni nani kati yenu?"

"Mimi, baba," Mama Sweta akasema.

Afisa akatazama kompyuta. "Hapa naona ni dada huyu."

"Hiyo kompyuta haijui kufuma."

"Haijui, mama. Lakini majina inayajua."

Mama Sweta akaeleza yote, tangu kiwanda cha plastiki hadi ijumaa zisizofika. Alieleza kwa mikono, akapima hewa kuonyesha masweta yalivyokuwa mengi. Yule kijana alimsikiliza hadi mwisho, hakuangalia saa.

"Nakuelewa, mama. Lakini risiti ni tamko. Ukitoa risiti umetamka kwamba umeuza, tena umepokea taslimu. Sisi kodi yetu inaanzia hapo."

"Na kama sikupokea hata senti?"

"Ungekuja mapema ukasema. Risiti zinarekebishwa, kuna utaratibu wake, ila una muda wake na muda umepita. Na ulipofunga, ungekuja kusema umefunga. Faini zote hizi za kila mwezi zisingekuwepo."

"Kusema nimefunga nako kuna malipo gani?"

"Hakuna, mama. Ni bure. Dirisha lile pale."

Mama Sweta akageuka. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na dirisha dogo la kioo. Nyuma yake alikaa mwanamke mmoja anakwaruza rangi kwenye kucha. Mbele ya dirisha hapakuwa na foleni. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Hali ilipokuwa mbaya sana," afisa akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayetoa rambirambi, "serikali ilisamehe faini kwa wafanyabiashara wadogo waliojitokeza. Msamaha ulidumu karibu mwaka. Tulitangaza."

"Mlitangaza wapi?"

"Kwenye magazeti. Na mtandaoni."

"Magazeti mimi nilikuwa nafungia masweta," Mama Sweta akasema. Hakukusudia kuchekesha, na hakuna aliyecheka.

Kinanda ndiye aliyeuliza lililobaki. "Nifanye nini nipate hati kabla mwezi haujaisha?"

"Ulipe sehemu ya kwanza, tuandikiane makubaliano ya kulipa zilizobaki kwa awamu, kisha hati inaombwa makao makuu. Lakini dada, shule si inawadai... samahani, si ninyi mnaidai shule? Nendeni mkadai. Wakiwalipa, na sisi mtatulipa."

Walitoka wakiwa wameshika neno hilo kama watu waliorushiwa kamba majini.

*

Shule ilikuwa imepakwa rangi mpya, na getini kulikuwa na jina jipya. Meneja aliyeletwa na mwenye mali mpya aliwakaribisha ofisini, ofisi ileile ya Mhasibu. Manukato yalikuwa yamekwisha, limebaki feni. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani, si mbaya wala si mwema, mtu wa mafaili.

"Madeni ya zamani tuliyarithi," alisema, "na yenye ushahidi tumelipa. Mwenye maziwa tumemlipa. Fundi madawati tunamlipa kidogo kidogo kwa ile sehemu ambayo hakuwa ameitolea risiti. Ninyi mna nini?"

"Tulileta masweta," Mama Sweta akasema. "Hamkulipa. Watoto wenu hao hapo nje wameyavaa!"

Meneja akainuka, akatoa faili, akalifungua mbele yao. Risiti zilikuwa zimebandikwa mstari mmoja, nyeupe, safi. Juu ya kila moja jina la Kinanda, na chini ya kila moja lile neno moja: taslimu.

"Hapa mmekiri mmelipwa, mama. Mara hii, na hii, na hii."

"Tulizitoa kabla! Ndio ulikuwa utaratibu. Muulize Mhasibu wenu, aliyekuwa akiniita shoga."

"Ningependa sana kumuuliza." Meneja akavua miwani. "Kwa risiti hizi zako, hela ilitoka kwenye akaunti ya shule. Kila risiti na hela yake, na nyingi zilitoka ijumaa. Zilikwenda wapi, shoga yako ndiye anajua."

Mama Sweta akazitazama tena zile risiti. Kumbe ijumaa zilikuwa zinafika. Zilifika zote, ila zilishukia kwenye mkoba wa mtu mwingine, na mkoba huo yeye ndiye aliyeufungua kwa vidole vyake, akibonyeza kitufe kilekile.

"Twende polisi," akasema. "Nataka kushtaki."

"Haki yako," Meneja akajibu. "Na sisi tutafurahi. Lakini nikuambie jambo kama ndugu. Polisi wakilifungua hili faili, wa kwanza kuitwa si Mhasibu, kwa sababu hajulikani aliko. Ni mwenye jina kwenye risiti. Wataanza kumuuliza kwa nini alitoa risiti ya hela ambayo hakupokea, na kama hawakugawana. Huenda atasafishika. Lakini itachukua muda." Akamtazama Kinanda na sare yake. "Wewe unafanya kazi wapi, binti?"

Kinanda alikuwa ameshasimama.

Hawakumwamini Meneja kwa maneno matupu. Walikwenda kwa wakili wa msaada wa sheria, mama mmoja aliyekuwa na watu wengi wanaomsubiri kwenye benchi. Naye alisema yaleyale kwa maneno marefu zaidi. Aliuliza kama kulikuwa na mkataba. Hapakuwa. Aliuliza kama kulikuwa na hata karatasi iliyosainiwa wakati masweta yanapokelewa. Mama Sweta akasema walikuwa wanaaminiana. Wakili akafunga kalamu yake. "Kesi ipo," akasema, "lakini mbele yake kuna risiti. Karatasi hiyo moja imekufungia milango miwili, mama. Shule inasema umelipwa, na kodi inasema lipa."

Walipokaribia nyumbani Kinanda akasema bila kugeuka, "Ungenipigia simu tu. Ile risiti ya kwanza ambayo hawakulipa. Simu moja."

"Ulikuwa na mitihani, mwanangu."

"Ningefeli nikarudia, mama. Mtihani unarudiwa."

*

Ilibaki mashine. Fundi viatu ndiye aliyeleta mnunuzi, mwanamke mdogo mwenye mtoto mgongoni, aliyepunguzwa kazi kiwandani na kupewa kiinua mgongo kidogo. Aliizunguka mashine, akaigusa kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa ng'ombe wa wenyewe.

"Na inalipa hii kazi, mama?"

"Inalipa ukilipwa," Fundi viatu akadakia.

Mama Sweta alimwonyesha yule mwanamke yote, jinsi ya kupachika koni, jinsi ya kubadilisha sindano iliyopinda, jinsi ya kukunja mikono mara mbili na kuishikiza kwa uzi mlegevu. Alimfundisha kwa hasira, akimsukuma bega, hadi yule dada akaogopa. Walipomaliza na hela ikawa mezani, mwanamke akasema kwa furaha, huku akimtikisa mtoto mgongoni, "Nitaandikisha jina la huyu. Ndiye mwenye bahati yangu."

"Huyo amekukosea nini?"

"Mama?"

"Nakuuliza, huyo mtoto amekukosea nini? Andika lako. Lako wewe! Ukianguka, anguka peke yako. Na risiti usiitoe mkononi mwako kabla hela haijaingia kwenye huo mkono mwingine, hata akuite shoga, hata akuite dada, hata akuite malaika. Na siku ukishindwa usikimbilie kufuli. Nenda ofisini kwao useme umeshindwa. Hawali watu. Mimi nilidhani wanakula watu."

Yule mwanamke akaitikia ndiyo, ndiyo, kwa adabu ya mtu anayetaka kuondoka. Fundi viatu, ambaye siku zote alikuwa na neno, aliinamia ule upande wake wa mashine akasaidia kubeba. Ilipotoka mlangoni iligonga fremu, na Mama Sweta akasema, "Taratibu," kama inavyosemwa kwa jeneza.

Hela ilitosha sehemu ya kwanza. Makubaliano yakaandikwa, Kinanda akasaini, safari hii alisoma kila mstari huku mama yake akimtazama. Hati ikaombwa makao makuu. Makao makuu nayo yana watu wake na chai yao. Mwezi ukaisha. Kinanda alikwenda kwa muuguzi mkuu kuomba asubiriwe, na muuguzi mkuu, aliyempenda, alisubiri alivyoweza, kisha wakubwa wake wakamuuliza kwa nini kitanda cha wagonjwa kinasubiri karatasi ya mtu mmoja. Nafasi ikapewa msichana mwingine ambaye Kinanda mwenyewe alikuwa amemfundisha kufunga kitovu cha mtoto.

Hati ilitoka baadaye. Ilikuwa nzuri, ina nembo, inasema kwamba mwenye jina hili yuko katika makubaliano na hana kizuizi. Kinanda aliisoma amesimama, akampa mama yake.

"Itundike," akasema. "Pale ilipokuwa mashine. Pamebaki patupu."

"Kinanda..."

"Sitanii, mama. Sina mahali pengine pa kuipeleka."

Akarudi kwenye kibarua chake, leo anaitwa, kesho haitwi, na kila anapopata kitu, kwanza kinakwenda kwenye awamu. Masweta aliyalipia kodi yeye. Hakuwahi kumfokea mama yake hata siku moja. Laiti angemfokea.

Siku ya kufunga biashara walikwenda pamoja tena, kwenye lile dirisha lisilo na foleni. Mwanamke wa kucha akamuuliza Kinanda maswali mawili matatu, akaandika, akapiga muhuri. "Tayari."

"Ndiyo hivyo tu?" Mama Sweta akauliza.

"Ndiyo hivyo tu, mama."

"Hakuna kulipa?"

"Kufunga ni bure."

Walirudi kwa miguu, na njia yao ilipita mbele ya shule. Ilikuwa saa ya watoto kutoka. Walimwagika getini wakisukumana, na Mama Sweta akayaona masweta yake kabla hajaziona sura za watoto. Kijani cha chupa, kola ya mistari miwili. Hayakuwa yamechuja wala kufumuka. Watoto walikuwa wamerefuka. Wengine walikuwa wameshafungua mkunjo wa kwanza, na msichana mmoja mrefu, aliyebeba vitabu kifuani, alikuwa ameufungua na wa pili, na mkono wa sweta umemfika sawasawa kwenye kifundo, kama ulivyopimwa.

Kinanda alisimama akawatazama. Lile jina alilovishwa dirishani akiwa ndiyo kwanza anapata kitambulisho lilikuwa na mikono mirefu kupita mikono yote ambayo mama yake aliwahi kufuma, nalo halikuwa na mkunjo.

"Haya ndiyo niliyouza?" akauliza.

"Ndiyo, mwanangu."

Akatikisa kichwa polepole. "Mazuri," akasema, akashika njia. Mama yake akamfuata nyuma.